Jasho la Ukuta

Katika watoto aliozaa mama yule, wana wawili wa kiume walibaki nyumbani, mmoja akapenda kwenda chini na mwingine akapenda kujaza juu, na kiwanja kimoja hakiwezi kubeba mapenzi ya namna mbili hizo bila kulalamika. Mkubwa alikuwa mchimba visima. Mtaa mzima ulimwita Fuko, naye alikubali kuitwa hivyo kwa sababu fuko ni mnyama wa kazi. Mdogo wake alikuwa mwashi, na kila kazi za mjini zilipopungua alirudi kujenga kwao. Akiona pembe, aliona chumba. Akiona kuta mbili zinazotazamana, aliona kwamba kinachokosekana ni paa tu.

Baba yao alipokipata kiwanja kile, watu walimcheka kuwa amekwenda kuishi na ndege. Jirani wa karibu ilibidi umwite kwa kuweka mikono mdomoni. Nyuma kulikuwa na kijito cha kufulia, miti ilikuwa mingi hata mama akawa analalamika kuwa majani yanamchafulia uwanja, na kisima cha kwanza ulichota ukiwa umepiga magoti. Halafu watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, wakazaa. Dada zao wawili walioolewa wakarudi, kila mmoja na wanawe. Wapangaji wakaja, na wapangaji nao hawakuja peke yao. Majirani hawakukaa bure, walikuwa wakifanya vilevile upande wao wa ukuta. Miti ikaondoka mmoja mmoja kupisha vyumba, kijito kikageuka mtaro ambao hata mbwa waliuzunguka, na uwanja waliochezea watoto ukabaki kuwa njia ya kupita mtu mmoja, wa pili amsubiri.

Kila kichanga kilipolia mle ndani, Mwashi alisema kwamba mtoto huja na riziki yake. Fuko hakubishana na maneno ya wazee. Alisema tu kwamba riziki anaweza kuja nayo, lakini choo haji nacho.

Zamani Fuko akianza kazi asubuhi, jioni mwenye nyumba alikuwa anaoga. Sasa alikuwa akishuka hadi mbingu inabaki kama sahani, na bado sururu inatoa vumbi. Kila kiwanja kilikuwa na kisima chake, visima vyote vilinyonya tumbo lilelile la ardhi, maji yakawa yanakimbilia chini na watu wanayafuata. Aliyewapeleka watu huko alikuwa Fuko mwenyewe. Alilijua hilo na lilimkera, lakini ndiyo kazi iliyowalisha wanawe, angeshika ipi nyingine? Mwaka ule kisima cha baba yake kikakauka kabisa. Bomba la mji, siku likifunguliwa, lilitoa upepo na sauti ya mzee anayesafisha koo. Mtaani wakapata la kusema: mganga hajigangi. Na kama hilo halikutosha, binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, amepewa chumba cha mbele, na mjukuu wa kwanza wa Fuko akawa anaogeshwa kwa maji ya kikombe. Hapo mke wa Fuko akaacha kabisa kutaniana naye.

Basi ikaamuliwa kuchimba. Pa kuchimba palikuwa mahali pamoja tu, kipande kilichosalia kati ya ukuta wa chumba cha mama na jiko la dada zao. Fuko alipapima kwa miguu yake mwenyewe. Sheria ya kazi yake haikuwa na mjadala: kisima na choo visijuane. Choo cha nyumba kilikuwa pembe ya mbali kabisa. Cha jirani wa kulia kilikuwa mbali zaidi, na cha jirani wa kushoto alikichimba yeye, alijua kilipo na kinakokwenda. Akaridhika.

Mama yao hakuridhika. Alisema vumbi litamjaa chumbani. Wakamwambia watamwagia maji, akauliza maji gani. Akasema kelele zitamuumiza kichwa, wao wakamkumbusha kuwa analala vizuri tu katikati ya wajukuu wasionyamaza. Mwisho akasema wachimbe kwingine, basi. Mwashi akacheka kwa upole.

"Mama, kwingine ni kwa jirani."

Mama akarudi chumbani kwake. Siku sururu ilipopigwa mara ya kwanza alivuta kigoda chake akakaa mlangoni pake, na tangu hapo hakukiacha ila kwa kula na kulala. Wakubwa walisema ni uzee. Wajukuu walisema bibi analinda kisima kisiibiwe.

Fuko hakucheka. Mama yake hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu, na sasa mikono ilikuwa imelala mapajani kutwa nzima. Kila Fuko alipotolewa shimoni jioni alikuta macho ya mama yanamsubiri, na hayakumtazama usoni. Yalitazama miguu, udongo ulioganda miguuni, kama mtu anayesoma kitu. Alimuuliza mara moja kama kuna jambo. Mama akamwambia akaoge, kisha akakumbuka kuwa hakuna maji. Usiku ule Fuko alikosa usingizi bila kujua kwa nini, na alfajiri alishuka shimoni akiwa na hasira isiyo na mwenyewe.

Shimo lilikuwa refu sasa. Mwashi ndiye aliyeshika kamba juu, iliyopita kwenye gurudumu la roda, na walikuwa na lugha yao: mvuto mmoja ni ndoo, miwili ni mtu. Kwa kazi nyingine ndugu hawa waligombana hata kwa msumari, lakini kwa kamba ile hawakuwahi kukosana. Ukimwacha mtu ashike kamba yako umemkabidhi roho yako, hakuna nafasi ya kununa.

Katika kazi ya visima kuna neno moja analolijua kila mtu, hata mtoto. Ukuta wa shimo ukianza kulowa, mchimbaji husema unatoa jasho. Jasho ni habari njema. Jasho likionekana, wanawake hutafuta ndoo na mwenye nyumba huanza kujidai kwa majirani. Wapo wachimbaji walaghai wanaomwagia ukuta maji ya chupa ili tu walitamke neno hilo, wapewe moyo na chakula kizuri. Fuko hakuwahi kulitamka bure. Kwa hiyo adhuhuri ile alipopapasa ukuta na kiganja kikarudi kimelowa, aliinua uso na kulisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa furaha.

"Mwambieni mama. Jasho."

Huko juu pakawa hapatoshi. Vigelegele vilianza jikoni kwa dada zake, vikadakwa na wapangaji, vikaruka ukuta hadi kwa majirani. Ile sahani ya mbingu ikajaa vichwa. Ndoo ziligongana. Watu walijisogeza ukingoni kutazama, na kila aliyejisogeza alimwangushia Fuko udongo kichwani. Akawaambia warudi nyuma. Wakamjibu kwa kushangilia.

Alikuwa bado anatabasamu alipokiona kilichomfanya aache. Jasho la kweli hutoka chini, miguuni, na huzunguka shimo lote. Hili lilitoka upande mmoja tu, usawa wa kifua chake, upande wa chumba cha mama. Kuta nyingine zilikuwa kavu kama jana. Akakileta kiganja puani.

Kijasho chembamba kikamtoka yeye sasa. Akabonyeza pale palipolowa kwa kidole kimoja, na kidole kikaingia. Udongo ulikuwa mweusi na laini kama uji uliolala, na ukuta mzima, alipoutazama vizuri, ulikuwa umetuna kidogo kumwelekea. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuogopa ukuta namna ile. Hakuhitaji mtu wa kumwambia nyuma yake kuna nini. Alichohitaji kujua ni choo cha nani, kwa sababu upande ule hapakuwa na choo, palikuwa na kitanda cha mama yake.

Ndipo akili ikamfunguka, na ilimfunguka vibaya. Choo hujaa. Kikijaa hufukiwa, kingine huchimbwa, na panapofukiwa huwa pazuri, tambarare, pasipo mtu. Katika kiwanja chenye njaa ya nafasi, pahali pazuri tambarare pasipo mtu ni chumba. Yeye ujana wake wote alikuwa akichimba miji ya mbali, na mdogo wake alikuwa bado mtoto mbichi. Alikuwa amepima vyoo vinavyotumika. Vilivyosahauliwa hakuvipima, na hakuuliza, yeye aliyejidai kuijua ardhi kuliko watu wote mtaani.

Akavuta kamba mara mbili.

Kamba haikupanda. Kichwa cha Mwashi kikajitokeza kati ya vichwa vingine, kimejaa furaha. "Kaka, subiri kidogo. Watu wanataka kuona kwanza. Tutilie kwenye ndoo japo kidogo."

Fuko alifungua mdomo amtukane, akaufunga. Kelele zilikuwa nyingi mno, na ukuta ule haukutaka kelele. Punje za udongo mweusi zilikuwa zimeanza kudondoka zenyewe, moja moja, bila kuguswa. Angepiga mayowe wangedhani amefikia jicho la maji, wangesogea zaidi. Akachota donge la ule uji kwa vidole, taratibu, akalitia ndoani, akavuta kamba mara moja.

Ndoo ikapanda. Aliifuata kwa macho mpaka ikapita ukingoni na mikono ikaigombania. Vigelegele vikaendelea. Kisha vikakatika mbele, halafu katikati, halafu nyuma kabisa, kadiri harufu ilivyokuwa inapita kutoka pua hadi pua. Mtoto mmoja akauliza ni nini, akanyamazishwa. Vichwa vikaondoka ukingoni, mbingu ikarudi, na katikati yake ukabaki uso mmoja tu wa Mwashi, umekauka.

"Kaka," alisema, "shika kamba."

Akashika. Miguu ilipoacha ardhi aliusikia ukuta ukipumua, hivyo ndivyo alivyosimulia baadaye na hakuna aliyethubutu kumwambia anatia chumvi. Mwashi alivuta bila kushtua kamba, mkono baada ya mkono, na wapangaji wawili wakashika nyuma yake. Fuko aliiweka mikono na miguu yake mbali na ukuta ule kana kwamba ni moto. Alipokuwa karibu na ukingo, chini yake kitu kikaachia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti nzito, ya gunia lililopasuka, kisha ya kitu kinachomiminika na kuendelea kumiminika pale alipokuwa amesimama muda mfupi uliopita. Harufu ikampita kwenda juu. Mdogo wake akamdaka kifundo cha mkono, akamburura mbali na ukingo, na wote wawili wakabaki chini wakitweta.

Fuko aligeuza kichwa. Kigoda kilikuwa mlangoni, kitupu.

Mama alikuwa ameingia kuitazama sakafu yake. Alisimama upande wa pili wa chumba, mgongo ukutani, na kati yake na mlango ufa ulikuwa umekwisha kupita kutoka kizingitini hadi chini ya kitanda. Kitu kilichoishikilia sakafu ile kwa miaka mingi kilikuwa kinaishia kisimani, na bado kilikuwa kikiondoka. Mwashi, aliyeimwaga saruji ile kwa mikono yake na kuisifu, alikanyaga kizingiti.

"Wewe baki hukohuko," mama akamwambia. "Una uzito wa matofali yako."

"Mama," Fuko alisema, "usipite katikati."

"Najua pa kupita. Nimepita pembeni ya chumba hiki tangu nihamie."

Fuko alimsikia, lakini hapakuwa na wakati wa kuelewa. Alijilaza kifudifudi nje ya kizingiti, akanyoosha mkono kandokando ya ukuta. Mama alikuja hatua moja moja, bega likisugua chokaa, miguu yake mikavu ikitangulia kuonja saruji kabla ya kuikanyaga. Kitanda kiliinama upande mmoja. Akasimama, akakingoja kitulie kama mtu anayengoja mgonjwa akohoe amalize, kisha akaendelea. Vidole vyao viliposhikana Fuko alimvuta kwa nguvu kuliko heshima inavyoruhusu, na mama akaangukia juu yake. Sakafu haikuwasubiri wakae vizuri. Ilikunjika katikati, kitanda kikaingia kichwa kwanza, na ukuta wa upande wa kisima ukapasuka kutoka juu hadi chini.

Walimkalisha mbali na shimo, upande wa pili wa jiko. Dada zao walilia. Watu walisimama na ndoo zao tupu, hakuna aliyejua afanye nini nazo. Fuko alimtazama mama yake, na hasira, aibu na upendo vilimjia kwa pamoja.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Tulikifukia mimi na baba yako, ukiwa safarini. Nikapanda mboga. Wote mlizila mkanisifu."

Mwashi aliuliza, kwa sauti ambayo Fuko hakuwahi kuisikia kwake, kwa nini basi hakusema neno siku yeye anaanza kujenga chumba kile. Mama akamgeukia.

"Ningesema, ungekiacha kitupu? Nyumba hii haijawahi kuacha chumba kitupu. Mngenitoa mimi, mngewalaza watoto. Nikasema hicho ni changu, ikawa imekwisha. Nilidhani kimekauka siku nyingi, kama mimi."

Mwashi alikaa chini palepale, akashika kichwa. Fuko alikumbuka jinsi wote walivyomlaumu kwa choyo, kwamba mzee mmoja anakaa peke yake chumba kizima wakati wajukuu wanalala wamepangana. Yeye pia aliwahi kusema. Hakulisema mbele yake, lakini alilisema, na mkewe alimsikia. Wakati wao wakinong'ona hivyo, mama yao alikuwa akilala juu ya shimo kila usiku ili asilale mtu mwingine. Machozi yalimtoka Fuko mbele ya wapangaji, na hakuyafuta.

Lakini kichwa cha mchimbaji hakiachi kazi. Wakati anakuja duniani yeye, kiwanja kile kilikuwa tayari na watu, na watu hawangoji choo. Akapiga magoti mbele ya mama yake, karibu sana, ili wengine wasisikie.

"Mama, hicho kilikuwa cha ngapi?"

Mama alitazama mikono yake.

"Cha pili."

"Na cha kwanza?"

Alisema kwamba enzi hizo mbele ya sasa ndiyo ilikuwa nyuma, njia ya mtaa haikuwapo bado. Alisema hakikuwa na kina, watu walikuwa wachache. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

"Mimi ni mtu mmoja, mwanangu. Ningelala vyumba viwili?"

Akanyoosha kidole, na Fuko akakifuata kwa macho, juu ya vichwa vya watu, hadi kwenye pazia la chumba cha mbele. Makelele yalikuwa yamemwamsha mtoto, na binti yake alikuwa ameingia kumnyonyesha.

Fuko hakukimbia. Kukimbia hutikisa ardhi. Aliwaonyesha watu kwa mkono waondoke njiani, wakaondoka, na akaenda kwa miguu yake ya matope akiwa amejibana ukutani. Akafungua pazia. Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya sakafu, amempa mgongo, anamwimbia mtoto kitu kisicho na maneno.

"Mama," alimwita kwa sauti ya chini, kama baba anavyomwita bintiye, "usisimame bado. Ninyooshee mtoto kwanza. Halafu wewe ufuate ukuta."